Baiskeli Isiyokwenda Popote (3): Tairi la Nyuma

Tairi la nyuma la baiskeli iliyofungwa kwenye stendi ya mazoezi huliwa na rola ndogo ya chuma. Gurudumu huinuliwa, rola ikakazwa dhidi ya tairi, na nguvu yote itokayo kwenye pedeli hupita hapo, mahali pasipozidi upana wa vidole viwili. Wenye baiskeli wa Mbegani, Bagamoyo, wanaijua kazi hiyo kwa dainamo. Kichwa chake hugusa ubavu wa tairi na kutoa wati 3 tu za kuwasha taa, hata hivyo baada ya muda huacha mstari uliochimbika ukizunguka tairi zima. Mwendeshaji mwenye mazoezi hupitisha kwenye rola wati 150 hadi 200, kwa saa nzima.

Kwenye lami, tairi hulala kidogo likainuka. Kwenye rola hubonyezwa ndani ghafla, likajirudi, likabonyezwa tena. Mwendo ukiwa kilomita 30 kwa saa, gurudumu huzunguka kama mara 240 kwa dakika, ilhali rola yenye kipenyo cha milimita 30 huzunguka zaidi ya mara 5,000. Kubonyezwa huko huzaa joto, na baiskeli ikiwa imesimama hakuna upepo wa kulipoza. Chumbani Bagamoyo mwezi wa Februari, hewa yenyewe imeshapita nyuzi 30. Raba ikishika joto hulainika, na ikilainika huchunika upesi. Zaidi ya hapo, baiskeli ya stendi haiyumbi wala haikati kona, kwa hiyo mchubuko wote huangukia ukanda mmoja wa katikati, hata mgongo wa tairi unakuwa bapa.

Unga mweusi kidogo sakafuni ni jambo la kawaida. Unga ukiwa mwingi, ukaja na harufu ya raba na mlio wa kukwaruza kila pedeli inapokanyagwa kwa nguvu, tairi linateleza. Utelezi ndio mlaji mkubwa kuliko mwendo au uzito, na wengi huukaribisha wenyewe kwa kulegeza rola wakidhani wanalihurumia tairi. Rola iliyolegea hutafuna. Iliyokazwa kupita kiasi huchemsha. Stendi nyingi hutaka rola iguse tairi kwanza, kisha skrubu izungushwe mara mbili hivi. Kipimo ni chepesi: gurudumu-tulizo la stendi, lile zito linalozunguka pamoja na rola, hushikwa kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukajaribu kulisukuma tairi mbele. Tairi likiteleza juu ya rola, skrubu huongezwa robo mzunguko, na jaribio hurudiwa.

Kabla ya hayo yote, upepo. Mafundi wengi hubonyeza tairi kwa dole gumba, na kwa safari ya sokoni inatosha. Kwa stendi haitoshi, kwa sababu kukaza kwa rola kunategemea ugumu wa tairi, na tairi likipungua upepo rola nayo inakuwa imelegea. Tairi jembamba la mashindano, la milimita 23 au 25, kwa kawaida hujazwa paundi 100 hivi. Tairi nene la baiskeli ya Phoenix halifiki huko, na kikomo chake kimeandikwa ubavuni. Geji hutumika kila siku, tairi likiwa bado baridi.

Pwani ina adui wake wa ziada: mchanga. Baiskeli iliyopita njia ya Kaole asubuhi ikafungwa kwenye stendi jioni hubeba chembe ambazo rola huzisaga ndani ya raba kama msasa. Tairi hupanguswa kwa kitambaa kibichi na kuachwa likauke. Rola husuguliwa kwa spiriti, maana utando mweusi unaoganda juu yake huongeza utelezi. Mafuta ya taa na dizeli, ambavyo wengine hupaka ili tairi ling'ae, huiharibu raba na kuifanya iteleze. Mazoezi yakiisha, rola huachanishwa na tairi lisije likabonyea mahali pamoja.

Tairi la kashata kubwa halifai: linapiga kelele, linatetemesha stendi na kuisha haraka. Tairi kuukuu lenye mgongo laini, ambalo bado halijaonyesha nyuzi, linafaa kumalizia maisha yake hapo. Yapo pia matairi ya stendi yenye raba ngumu, kama Continental Hometrainer, lakini ni marufuku barabarani, kwani kwenye lami yenye maji hayashiki. Mwenye uwezo huweka gurudumu la pili la nyuma lenye tairi hilo, akabadilisha gurudumu zima kwa dakika chache.

Wanoa visu wengine wenye baiskeli walilimaliza tatizo zamani: huvua tairi na kupitisha mkanda kwenye rimu tupu. Stendi kama Wahoo KICKR, iliyotoka mwaka 2012, huondoa gurudumu kabisa na mnyororo ukaizungusha stendi yenyewe, ingawa bei yake hushinda ya baiskeli nyingi zinazopita Mbegani.

Tairi lililokwisha kuwa bapa katikati halirudishwi barabarani, na hasa halihamishiwi mbele: kwenye kona hupanda ukingo wa ubapa na kuserereka bila onyo. Nyuzi zikionekana, tairi hutupwa, hata kama linabaki kwenye stendi, kwa kuwa tyubu inaweza kupasuka kwa paundi 100 chumbani.