Kuzuia, Kuua na Kutibu: Lugha ya Upimaji wa Mafuta ya Mbegu dhidi ya Bakteria

Utangulizi

Katika miteremko ya Mlima Kenya, pande za Meru na Embu, mbegu zenye mafuta hazikosekani. Nyanda za juu zina makadamia, sehemu kavu za Mbeere zina mwarobaini, nayo mibarika huota hata kandokando ya njia. Mafuta ya mbegu za aina hii husifiwa kwamba "yanaua bakteria." Makala haya yanaichunguza kauli hiyo. Tunashikilia kwamba maabara hutenganisha mambo matatu, yaani kuzuia, kuua na kutibu, na kwamba anayetafsiri matokeo ya utafiti kwa Kiswahili hana ruhusa ya kuyachanganya.

Sifa si kipimo

Jina mwarobaini limetokana na arobaini, kwa imani kwamba mti huo hutibu maradhi arobaini. Jina hilo ni sifa. Mtafiti hulichukua kama swali, si kama jibu.

Namna ya kupima

Kwanza, bakteria hupandwa juu ya rojo la agari katika kisahani. Kikaratasi kilicholoweshwa mafuta huwekwa juu yake, na kingine chenye dawa inayojulikana huwekwa kwa ajili ya kulinganisha. Baada ya takribani saa 24, duara tupu likionekana kukizunguka kikaratasi, bakteria wameshindwa kukua hapo. Hata hivyo, mafuta hayasambai vyema katika rojo lenye maji, hivyo duara dogo si lazima limaanishe mafuta dhaifu.

Kwa sababu hiyo, mtafiti huyachanganya mafuta na mchuzi wa kukuzia bakteria, akiyapunguza hatua kwa hatua. Kiwango kidogo kabisa kinachouacha mchuzi ukiwa mwangavu ndicho kiwango cha kuzuia. Kisha tone la mchuzi huo hupandwa mahali pasipo na mafuta. Bakteria wakichipuka tena, walikuwa wamezuiwa tu; wasipochipuka, wameuawa.

Aidha, ni sharti kutaja ni bakteria gani. Staphylococcus aureus, aishiye ngozini, hana utando wa nje alio nao Escherichia coli, na utando huo hukinga dhidi ya dutu nyingi za mimea. Kusema "huua bakteria" bila kutaja aina ni kusema zaidi ya kilichopimwa.

Mtihani wa istilahi

Hapa istilahi zetu zinajaribiwa. Neno kiuavijasumu limebeba kitenzi ua, ilhali tetrasaikilini, iliyomo katika kundi hilo, kwa kawaida huzuia bakteria kuongezeka tu. Vivyo hivyo, mbegu na mafuta si kitu kimoja. Protini ya mbegu za mronge inayosaidia kusafisha maji hubaki katika mashudu baada ya mafuta kukamuliwa. Mbegu za mbarika nazo zina risini, sumu kali ambayo hubaki katika mashudu, si katika mafuta yaliyosafishwa. Mfasiri akiandika "mbegu" pahali pa "mafuta", anaweza kumlisha msomaji sumu.

Ama kutibu ni hatua ya mbali zaidi. Kisahani hakina damu, ini wala figo. Mafuta ya mwarobaini huzuia bakteria kadhaa maabarani, lakini yamewahi kuwadhuru watoto wachanga walionyweshwa.

Hitimisho

Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani. Kwa hiyo utafiti wa mafuta haya una thamani kubwa, na wakulima wa Meru na Embu wanastahili kupata matokeo yake kwa lugha wanayoielewa. Lakini mwenye kidonda akisoma "hutibu" palipostahili "huzuia", huenda akakaa nyumbani hadi mguu ukaoza. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Walijua kuwa hayo ni mambo mawili. Nasi tuyaandike kama mawili.