Pete Ndogo Izuiayo Mafuta

Watu wakaao kando ya Ghuba ya Chole, katika kisiwa cha Mafia, wanaijua vema kazi ya kalafati. Jahazi ni mbao nyingi zilizounganishwa, na kati ya ubao na ubao pana mwanya. Fundi huuziba mwanya huo kwa pamba iliyotiwa mafuta, akaishindilia kwa patasi na nyundo, maji yasipate njia. Kalafati ikioza, chombo huvuja hata kama mbao zake ni nzima. Pikipiki nayo ina kalafati yake, ila kazi yake ni kinyume: ya jahazi huzuia maji yasiingie, na ya pikipiki huzuia mafuta yasitoke. Jina lake ni sili.

Tazama pikipiki ya zamani, kama Honda CG125 iliyoanza kutengenezwa katika miaka ya 1970. Gurudumu lake la mbele limeshikwa na miguu miwili, ambayo mafundi huiita shokapu. Kila mguu una mabomba mawili: la ndani ni jembamba na lenye kung'aa, la nje ni nene, nalo ndilo lishikalo gurudumu. Gurudumu likipanda jiwe, bomba la nje hupanda. Likiingia shimoni, hushuka. Ndani mna springi na mafuta. Springi hubeba uzito, lakini ikiwa peke yake hurukaruka mara nyingi baada ya kubonyezwa. Mafuta hupita kwa shida katika matundu madogo, na shida hiyo ndiyo iutulizayo mruko. Kampuni ya BMW ya Ujerumani ilianza kuuza pikipiki zenye shokapu za namna hii mwaka 1935.

Sili hukaa mdomoni mwa bomba la nje. Ni pete ya mpira yenye ukingo mwembamba ulikumbatiao bomba la ndani, likipita juu na chini maelfu ya mara.

Utende, mahali pa kuvukia kwenda Chole, pana maadui wawili wa sili: chumvi na mchanga. Chumvi hulitia kutu bomba la ndani, na kutu huukata ukingo wa mpira. Mchanga nao huusaga kama msasa. Dalili ya kwanza ni duara la mafuta juu ya bomba, lililoshika vumbi. Mwenye pikipiki asilifute tu akaenda zake. Mafuta yakipungua, gurudumu hudunda barabarani. Yakichuruzika hata kuifikia breki, breki huteleza badala ya kushika. Kutoka Utende mpaka Kilindoni, penye hospitali ya wilaya, ni kama kilomita 14. Dereva apakiaye mgonjwa hali breki yake imelowa mafuta, amempakia pamoja na hatari.

Kazi ya kubadili sili huendeshwa hivi. Kwanza fundi huweka gogo imara chini ya injini, gurudumu la mbele likainuka. Huliondoa gurudumu, waya wa breki na madigadi. Kisha hulegeza kifuniko cha juu cha kila mguu angali umebanwa, maana ukisha kutolewa huzungukazunguka mkononi. Ndipo huuvuta mguu chini. Akikifungua kifuniko kabisa hukikandamiza kwa mkono na kuuweka uso wake mbali, kwa sababu springi yaweza kukirusha. Mafuta ya zamani huyamwaga chomboni, wala si mchangani wala baharini.

Hufungua bolti iliyo chini ya bomba la nje, akayatenga mabomba mawili. Huondoa kifuniko cha vumbi na pete ya chuma iishikayo sili, kisha huing'oa sili kwa bisibisi taratibu, asiukwaruze ukuta wa bomba.

Hapa fundi mvivu huharibu kazi yake. Hutia sili mpya bila kulitazama bomba la ndani. Lenye kutu ya mashimo litaikata sili mpya kama lilivyoikata ile ya kwanza. Yafaa kulipitisha ukucha: ukucha ukikwama, bomba halifai. Kutu nyepesi huondolewa kwa msasa laini.

Sili mpya hupakwa mafuta kwanza. Upande wenye springi ndogo ya duara huelekezwa chini, kwenye mafuta. Ikigeuzwa itavuja siku ile ile. Hugongwa polepole kwa kipande cha bomba chenye upana ulio sawa nayo, iingie bila kwenda upande. Baadaye mguu huunganishwa tena, na mafuta mapya hutiwa kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki hiyo, sawasawa pande zote mbili. Sili hubadilishwa zote mbili pamoja, maana zimefanya kazi umri mmoja.

Kabla ya kupakia abiria, fundi hushika breki na kuubonyeza usukani mara kadhaa. Bomba likibaki kavu na breki ikishika, kazi imekwisha. Yaliyobaki ni ya mwenyewe: kuosha bomba kwa maji baridi yasiyo ya chumvi kila atokapo pwani, na kulikausha kwa kitambaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na sili ni rahisi kuliko bomba, na bomba ni rahisi kuliko mguu wa mtu.