Mama wa baharia wa nyambizi: Subira si kunyamaza

SIFA zote njema ni za Mwenyezi Mungu (SW), aliyewatiishia waja wake bahari, vyombo vikapita ndani yake kwa amri Yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahali zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tunawaelekea akina mama ambao aghalabu hawatajwi katika mawaidha yetu. Hao ni mama wa mabaharia wa nyambizi, yaani manowari ziendazo chini ya maji. Majeshi ya majini ya Kenya na Tanzania hayana vyombo hivyo. Hata hivyo, vijana wengi wa Kiislamu hutumikia ndani yake katika nchi kama vile Indonesia, Malaysia, Pakistan, Uturuki, Misri na Algeria. Isitoshe, mtihani wa mama zao, wa kumuaga mwana kisha kukaa wiki baada ya wiki bila ya kumsikia, si mgeni kwa mama wa Lamu, Mombasa, Unguja au Pemba ambaye mwanawe yumo melini.

Yaliyowafika wenzetu wa Indonesia

Jumatano ya tarehe 21 Aprili 2021, sawa na siku ya tisa ya Ramadhani 1442 nchini humo, nyambizi KRI Nanggala-402 iliomba ruhusa ya kuzama kabla ya alfajiri, kaskazini mwa kisiwa cha Bali, ili ifanye mazoezi ya kufyatua makombora ya majini. Ilikuwa imeundwa Ujerumani na kuanza kazi mwaka 1981. Siku hiyo walikuwamo watu 53. Baada ya ruhusa ile, mawasiliano yalikatika.

Wakuu wa jeshi walieleza kwamba endapo umeme umezimika, hewa iliyomo ingewatosha mabaharia kwa saa 72. Familia zikabaki zikizihesabu saa hizo, funga kwa futari. Jumamosi ya tarehe 24 vilionyeshwa vitu vilivyookotwa baharini, na miongoni mwake vilikuwamo vipande vya msala wa kuswalia. Siku ya pili yake ikatangazwa kwamba mabaki ya chombo yameonekana katika kina cha mita 838, yamekatika sehemu tatu, na kwamba hakuna aliyesalimika.

Vipande vile vya msala viliwafikishia wazazi Waislamu habari mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kwamba chombo kimevunjika. Ya pili ni kwamba humo gizani, chini ya bahari, watoto wao walikuwa wakimsujudia Mola wao.

Kwa nini nyambizi hunyamaza

Ni vyema mama aelewe kwanza ukimya wa chombo chenyewe, kwani hofu nyingi huzaliwa na kutojua. Mawimbi ya kawaida ya redio hayapenyi maji ya bahari. Yapo mawimbi maalumu ya masafa ya chini mno ambayo huweza kushuka kidogo majini, lakini hubeba maneno machache tena polepole. Nyambizi ikitaka kujibu haina budi kupanda karibu na uso wa bahari na kuchomoza mlingoti wake, na ikifanya hivyo huweza kugunduliwa. Usalama wake wote umo katika kutojulikana ilipo.

Katika nyambizi za Uingereza zenye silaha za nyuklia, ambazo safari yake huchukua miezi, familia huruhusiwa kumpelekea baharia ujumbe mfupi kila wiki. Yeye huusoma, lakini hawezi kuujibu hadi arejee bandarini. Kwa hiyo, mama anayekaa mwezi mzima bila ya neno kutoka kwa mwanawe asidhani kuwa ameshapewa habari mbaya. Ukimya huo ndio hali ya kawaida ya kazi ile.

Lakini hapa ndipo palipo na kosa ambalo jamii nyingi hulifanya. Kwa kuwa mwana ameamriwa kunyamaza, na mama naye hutakiwa anyamaze. Akionyesha hofu huambiwa imani yake ni dhaifu. Akilia huambiwa hana subira. Tuitazame Qur'ani inavyosema juu ya jambo hili.

Mama yake Musa (AS)

Katika Suratul Qasas, kuanzia aya ya 7, Mwenyezi Mungu (SW) anatusimulia habari za mama ambaye aliamrishwa amtie mwanawe mtoni, na katika Suratu Taha tunaelezwa kuwa alimweka ndani ya sanduku. Ni mama gani basi aliye karibu zaidi na mama wa baharia wa nyambizi kuliko huyu, aliyemwona mwanawe akifungiwa ndani ya chombo na kukabidhiwa maji?

Aya ya 10 inatujulisha kwamba moyo wa mama huyo ulibaki mtupu, hata akakaribia kuidhihirisha siri yake, lau si Mwenyezi Mungu kuutia nguvu moyo wake. Zingatieni, ndugu zangu. Huyu ni mama aliyepata ilhamu kutoka kwa Mola wake na kuahidiwa kwamba mtoto atarudi, na bado moyo ulimwenda mbio. Qur'ani haikumlaumu kwa hofu hiyo. Imetueleza tu nani aliyeutuliza moyo wake.

Kisha aya ya 11 inatuambia kwamba alimtuma dada yake Musa afuatilie nyayo za nduguye, naye akamwangalia kwa mbali bila ya watu wa Firauni kutambua. Huo ndio utaratibu wa tawakkul. Mama alitii, akaogopa, akatafuta habari kwa njia ya busara, na siri akaitunza.

Kabla ya kuondoka

Kutokana na kisa hicho tunapata mafunzo ya kumfaa mama tangu siku ya kuagana. Kwanza, mwana aandike wasia wake, abainishe madeni anayodai na anayodaiwa. Mtume (SAW), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ametuhimiza kwamba Muislamu mwenye jambo la kuusia asilale siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Kufanya hivyo si kumtabiria mtu mauti. Ni kumwondolea mama mzigo wa kuulizwa mambo asiyoyajua siku akiwa na majonzi.

Pili, wakubaliane nani atapokea habari kutoka jeshini. Kwa kawaida baharia aliyeoa humwandikisha mkewe, na mama hujikuta akisikia mambo kwa majirani. Jambo hili limevuruga nyumba nyingi. Basi mwana na amwambie mkewe, mbele ya mama, kwamba likitokea lolote simu ya kwanza aipige kwa mama. Naye mama amchukulie mkaza mwana kuwa ni mwenzake katika kungoja, wala asimfanye mshindani wa mapenzi ya mtoto.

Tatu, amuage kwa kumkabidhi kwa Mola wake. Mtume (SAW) alikuwa akiwaaga wasafiri kwa kuwaweka amana kwa Mwenyezi Mungu, ambaye amana zilizowekwa Kwake hazipotei. Siku ya kuondoka chombo na bandari kinakokwenda ni siri. Mama asizieneze kwa jirani wala kwenye simu, kama vile dada yake Musa alivyofuata bila ya kujulikana.

Akiwa baharini

Mama akipata nafasi ya kumwandikia mwanawe ujumbe, na aandike yale yanayomtuliza: nani kaoa, mwembe umezaa vipi, mdogo wake amehitimu juzuu ya ngapi. Ugomvi wa nyumbani na lawama za fedha visubiri. Huko aliko hawezi kujibu, wala hawezi kufanya lolote ila kukaa nazo usiku kucha katika kitanda chembamba.

Wengi huuliza mwana ataswali vipi mahali pasipo jua wala upepo. Dini yetu ni nyepesi. Mtume (SAW) alimfundisha Imran bin Husayn kwamba mtu aswali kwa kusimama, asipoweza basi kwa kukaa, na asipoweza basi kwa ubavu. Nyakati za Swala huzijua kwa saa, na Kibla hukikadiria kadiri ya uwezo wake. Ama Ramadhani, msafiri ameruhusiwa kufuturu na kulipa siku nyingine, kama ilivyo katika Suratul Baqara aya ya 185.

Silaha kubwa ya mama ni dua. Imepokewa na Abu Dawud na Tirmidhi kwamba dua ya mzazi ni miongoni mwa dua tatu zisizorudishwa, na ya msafiri ni mojawapo pia. Basi mama anapoomba nyumbani na mwana akaomba baharini, dua mbili zenye kukubaliwa hukutana. Na akumbuke kwamba Nabii Yunus (AS) alisikiwa na Mola wake kutoka ndani ya tumbo la samaki, katika viza juu ya viza. Hakuna kina ambacho Mwenyezi Mungu (SW) hasikii kutoka humo.

Tunamuonya mama, kwa mapenzi, dhidi ya milango miwili. Mmoja ni wa mpiga ramli. Imethibiti katika Sahihi Muslim kwamba mwenye kumwendea mtabiri akamuuliza jambo, Swala zake hazikubaliwi kwa siku 40. Wa pili ni mlango wa uvumi. Suratul Hujurat aya ya 6 imetuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuitendea kazi. Chombo kikichelewa, simu hujaa maneno ya watu wasiojua kitu. Mama na aulize jeshini, aulize kwa adabu, na aulize tena.

Linapotokea lisilotarajiwa

Mama yake Musa (AS) aliahidiwa kurejeshewa mwanawe hapa duniani. Sisi hatukupewa ahadi hiyo. Ndiyo maana tunamhitaji na mama wa pili, naye ni mama yake Haritha bin Suraqa (RA). Mwanawe, akiwa kijana, aliuawa kwa mshale siku ya Badr. Bukhari amepokea kwamba mama huyo alimwendea Mtume (SAW) na kumuuliza waziwazi mwanawe yuko wapi: kama yuko Peponi atasubiri, na kama sivyo basi atamlilia kwa bidii. Mtume (SAW) hakumkemea. Alimjibu kwamba Pepo ni nyingi, na mwanawe ameipata Firdausi ya juu kabisa.

Tulinganishe na yaliyotokea Urusi. Tarehe 12 Agosti 2000 nyambizi Kursk ilizama na watu 118 wote wakafa. Siku chache baadaye, katika mkutano wa familia na viongozi, mama wa afisa mmoja alisimama akapaza sauti kudai ukweli. Alichomwa sindano ya kumtuliza, akatolewa ukumbini, na picha zake zikaonekana duniani kote. Mama mmoja aliuliza akajibiwa; mwingine aliuliza akalazwa usingizi. Umma wetu unapaswa kufuata mwenendo upi?

Kwa hiyo, msiba ukiwafika wenzetu, tusimwambie mama anyamaze. Mtume (SAW) mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, akabainisha kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, ila ulimi usitamke yasiyomridhisha Mola. Kilichokatazwa ni kuomboleza kwa kupiga mashavu na kuchana nguo. Machozi ni rehema. Hali kadhalika, siku tatu za kukaa matanga, ambazo haizidi ila eda ya mke ya miezi minne na siku kumi, ni mpaka wa kuacha mapambo. Huzuni ya moyo haikuwekewa tarehe. Nabii Yaakub (AS) alimlilia Yusuf miaka mingi hadi macho yake yakawa meupe, na malalamiko yake akayapeleka kwa Mwenyezi Mungu peke yake.

Mama aliyempa mwana idhini ya kujiunga na jeshi huadhibiwa na neno moja: lau. Lau ningemkataza, lau ningemuozesha mapema. Mtume (SAW) ametutahadharisha, kama alivyopokea Muslim, kwamba neno hilo hufungua kazi ya Shetani. Idhini yake haikuwa sababu ya ajali. Ajali ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Bahari isiporudisha mwili, mlango wa Swala haujafungwa. Mtume (SAW) alimswalia Najashi akiwa Madina ilhali maiti iko Uhabeshi, na kwa wafuasi wa Imam Shafii, walio wengi Indonesia na katika pwani yetu, Swala ya Maiti asiyekuwepo ni jambo lililokubaliwa. Mabaharia wa Nanggala waliswaliwa hivyo. Wapo na kwetu akina mama ambao hawakupata mwili wa kuzika zilipozama MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012. Wao nao wajue kwamba aliyekufa kwa kuzama amehesabiwa na Mtume (SAW) miongoni mwa mashahidi.

Mwisho, wajibu wa jamaa na jirani hauishi siku ya tatu. Mpikieni mama huyo, mkaeni naye, mtajeni mwanawe kwa jina, wala msiogope kwamba mtamkumbusha, kwani hakumsahau. Na yule ambaye mwanawe bado yu chini ya bahari akiwa hai, mumuulize hali yake kila Ijumaa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (SW) awahifadhi waliomo baharini, juu ya maji na chini yake, awarejeshe salama kwa mama zao kama alivyomrejesha Musa (AS), awarehemu waliotangulia, na azitie nguvu nyoyo zilizobaki tupu. Amin.

Wabillahi taufiq.