Dawa ya saratani: Mambo ya kuangalia mgonjwa akirudi nyumbani

SARATANI ya umio, ambayo wengi huiita saratani ya koo, si ngeni katika Meru na Embu. Siku hizi si lazima kila mgonjwa asafiri hadi Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, kwani dawa za saratani hutolewa pia katika hospitali kuu za miji hiyo miwili. Wengi hudungwa dawa mchana na jioni wakalala nyumbani. Kwa hivyo, jamaa zao ndio wauguzi wao wa kwanza.

Mojawapo ya dawa hizo ni sisplatini, iliyotengenezwa kwa madini ya platinamu. Mnamo 1965, mwanasayansi wa Marekani, Barnett Rosenberg, alikuwa akipitisha umeme kwenye bakteria kwa vyuma vya platinamu, akaona wameacha kugawanyika. Nchini humo, dawa hii iliidhinishwa mwaka wa 1978.

Sisplatini huingia ndani ya seli na kuzifunga nyuzi za DNA, hata seli ishindwe kujigawanya, ife. Seli za saratani huumia zaidi kwa sababu hugawanyika ovyo. Lakini dawa hii haichagui. Huweza pia kudhuru figo, masikio, neva na uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Ndiyo sababu damu ya mgonjwa hupimwa kabla ya kila dozi.

Kwanza, maji. Dawa hii hutoka kwa njia ya mkojo, na figo zikikosa maji huumia. Mgonjwa anywe kiasi alichoagizwa na daktari, hata kama hana kiu. Akitapika kila anachokunywa, au mkojo ukipungua, arudishwe hospitalini siku iyo hiyo. Asinunue dawa za maumivu kama brufen au diclofenac, wala kunywa mitishamba, kabla ya kumwuliza daktari.

Pili, homa. Majuma machache baada ya kudungwa, chembe nyeupe za damu zinazopigana na viini hupungua. Joto likifika 38, wengi hudhani ni malaria, wakanunua vidonge na kungoja asubuhi. Kungoja huko kwaweza kuua. Homa ya mgonjwa huyu ni jambo la dharura, hata usiku wa manane. Kila nyumba yenye mgonjwa iwe na kipimajoto.

Tatu, uchafu. Kwa siku 2 hadi 3 baada ya dawa, au zaidi hospitali ikisema hivyo, mkojo na matapishi huwa na mabaki yake. Anayevisafisha avae glavu na anawe mikono kwa sabuni. Nguo zilizochafuka zifuliwe kando. Choo cha shimo kifunikwe. Cha maji kivutwe mara mbili. Mwanamke mjamzito au anayenyonyesha asifanye kazi hiyo. Mgonjwa naye atumie mpango wa uzazi, maana dawa hii hudhuru mtoto aliye tumboni.

Hayo yasiwafanye watu wamtenge. Saratani haiambukizi kwa kula pamoja wala kukumbatiana.

Mwisho, mgonjwa akisikia mvumo masikioni au ganzi vidoleni, amwambie daktari kabla ya dozi inayofuata. Huenda dozi ikapunguzwa au dawa ikabadilishwa. Akinyamaza, huenda asisikie vizuri tena maishani.