Jinsi Jua na Sayari Zilivyofanyika

Watu wengi huuliza: wataalamu wapataje kujua habari za mambo ambayo hapana mtu aliyeyaona? Swali hili ni la haki, nalo lastahili jibu.

Hapo kale Jua halikuwako, wala Dunia. Palikuwa na wingu kubwa la hewa na vumbi, nalo likaanza kujikunja kwa uzito wake lenyewe. Kadiri lilivyopungua ukubwa ndivyo lilivyozunguka kwa haraka zaidi. Kanzu ya mtu azungukaye mbio huinuka na kutanda pande zote. Vivyo hivyo wingu lile likatanda, likawa bapa kama sinia. Katikati pakafanyika Jua, ambalo hata leo lina sehemu 998 katika kila 1,000 za uzito wote. Mabaki ya pembeni yakashikana, chembe kwa chembe na jiwe kwa jiwe, yakawa sayari. Ndiyo sababu sayari zote nane hulizunguka Jua kwa upande mmoja.

Karibu na Jua barafu haikuweza kukaa kwa ukali wa joto. Kwa hiyo Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi zilifanyika kwa mawe na chuma, zikawa ndogo. Mbali zaidi barafu ilikuwa tele. Huko sayari ya Mshtarii ilikua hata ikavuta hewa nyingi, na uzito wake washinda ule wa Dunia mara 318.

Wazo la wingu si geni. Mjerumani Immanuel Kant aliliandika mwaka 1755. Jambo gumu lilikuwa kujua umri. Hapa vimondo vilisaidia, kwani vingi ni masalio yasiyotumika katika kujenga sayari. Madini yaitwayo urani hugeuka polepole kuwa risasi. Aina yake iliyo nyingi hupungua nusu kwa miaka milioni 4,470 hivi. Apimaye risasi iliyoongezeka katika jiwe aweza kuhesabu umri wake.

Mmarekani Clair Patterson alishika kazi hiyo, lakini kila alipopima alikuta risasi kupita kiasi. Kumbe ilitoka katika vumbi la kawaida, na nyingi ilitokana na petroli ya motakaa! Ilimlazimu kusafisha chumba na vyombo vyake kwa uangalifu wa ajabu. Mwaka 1956 alitangaza hesabu yake: miaka milioni 4,550. Baadaye, katika kimondo kilichoanguka Allende, Mexico, tarehe 8 Februari 1969, zilionekana chembe nyeupe zilizokuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuganda katika wingu lile. Umri wake ni miaka milioni 4,567. Kenya nayo ilipata kimondo cha mawe karibu na Thika, tarehe 16 Julai 2011.

Jua limekwisha kutumia karibu nusu ya maisha yake. Baada ya miaka milioni 5,000 hivi litavimba na kuzimeza Utaridi na Zuhura. Kama Dunia nayo itamezwa au itaponea chupuchupu, wataalamu wangali wakibishana.