Giza la Norwe na afya ya Mbrazil aliye ugenini

Watu wengi wakisikia kwamba fulani amehamia Norwe, humwonea huruma kwa sababu ya baridi. Humnunulia sweta na kumpa wosia wa kufunika shingo na masikio. Walakini, baridi ina dawa yake na dawa hiyo huuzwa madukani: nguo za sufu zinazovaliwa moja juu ya nyingine, koti zito na viatu vya soli nene. Wanorwe wenyewe husema kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Jambo linalomlemea mgeni ni jingine kabisa, nalo halionekani kwa urahisi. Ni giza.

Wiki hii tutaliangalia jambo hili kwa kuwatazama Wabrazil wanaoishi nchini Norwe. Wapo waliokwenda huko kwa kazi za mafuta katika mji wa Stavanger, wapo waliokwenda kusoma, na wapo waliooa au kuolewa. Nchi hizi mbili zimejuana siku nyingi. Tangu karne ya 19 samaki wa Norwe aina ya chewa, aliyetiwa chumvi na kukaushwa, amekuwa akisafirishwa hadi Brazil, ambako huliwa hasa wakati wa Pasaka na Krismasi.

Huenda ukauliza, msomaji, mambo ya Mbrazil yanatuhusu nini sisi? Tazama ramani. Mji wa Macapá, kaskazini mwa Brazil, uko juu ya mstari wa ikweta kama ulivyo mji wetu wa Nanyuki. Mtu wa huko amelelewa na jua lile lile linalotulea sisi, linalochomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Yanayoupata mwili wake akifika kaskazini ya mbali ndiyo yatakayoupata mwili wa mwanao au ndugu yako akienda huko.

Saa iliyo ndani ya mwili

Ndani ya ubongo wa kila mtu mna kitu kama saa. Saa hiyo huamua wakati wa kulala, wa kuamka, wa kuhisi njaa na hata wa joto la mwili kupanda na kushuka. Kila siku hurekebishwa na mwanga unaoingia machoni, hasa ule wa asubuhi. Giza likiingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo huuambia mwili kwamba usiku umefika. Mwanga ukirudi, homoni hiyo hupungua na mtu huchangamka.

Sasa fikiria jiji la Oslo. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza yapata saa tatu na robo asubuhi na kuzama saa tisa na robo alasiri. Mchana wote ni wa saa 6 hivi. Mfanyakazi huondoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Huko Tromsø, kaskazini zaidi, jua halionekani kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Kuna mwanga hafifu tu wa rangi ya samawati kwa saa chache za mchana.

Mwezi Juni mambo hugeuka. Katika Oslo jua huzama karibu saa nne na dakika arobaini usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri. Katika Tromsø halizami kwa muda wa miezi miwili hivi. Mgeni ambaye wakati wa baridi hakuweza kuamka, sasa hawezi kulala.

Huzuni inayokuja na majira

Mwaka 1984, daktari Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani walieleza ugonjwa wa huzuni nzito unaowapata watu kila majira ya baridi na kuwaachilia majira ya kuchipua yanapoingia. Dalili zake zina tofauti na za huzuni tuliyoizoea. Mgonjwa wa huzuni ya kawaida aghalabu hukosa usingizi na hamu ya chakula. Huyu wa majira ya baridi hulala kupita kiasi na bado akaamka amechoka. Hutamani mkate, wali, viazi na vitu vitamu, akanenepa. Hujitenga na watu, hushindwa kukaza fikira kazini na hukosa raha katika mambo aliyoyapenda.

Si kila mgeni hupatwa na ugonjwa huu, na Wanorwe wengi huishi Tromsø wakiwa na afya njema na furaha. Wapo pia wanaopata dalili chache tu. Hatari ni kwamba mgeni huenda asitambue ni ugonjwa.

Tuseme dada mmoja kutoka Recife anawasili Bergen mwezi Agosti kumfuata mumewe. Siku ni ndefu, milima ni ya kijani, na kila kitu kinampendeza. Mwezi Novemba mvua hainyamazi na mchana umefupika. Bado hajui lugha, hajapata kazi, na mumewe hushinda ofisini. Anaanza kulala hadi saa sita mchana. Mumewe anadhani amekuwa mvivu. Mamake, akimsikia kwenye simu, anasema ni saudade, neno la Kireno la kutamani mtu au mahali palipo mbali. Yeye mwenyewe anajilaumu kwamba hana shukrani. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu anayefikiria daktari.

Kupeza nyumbani si ugonjwa. Humjia mtu na kumwachia, na katikati yake bado hucheka na kula vizuri. Iwapo huzuni au kukosa raha kumedumu karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, na kazi za kawaida zimekwama, hilo ni jambo la daktari. Iwapo mtu anaanza kuona afadhali afe, ni jambo la leo hii. Nchini Norwe nambari ya dharura ya gari la wagonjwa ni 113. Nambari 116 117 humpeleka mtu kwa daktari wa zamu, na 116 123 ni ya shirika la Mental Helse linalowasikiliza wenye dhiki ya moyo.

Mwanga kama dawa

Dawa ya kwanza ni mwanga wenyewe. Zipo taa maalumu zenye mwanga wa luksi 10,000, luksi ikiwa ndicho kipimo cha mwanga. Sebule yenye taa za kawaida usiku haifikishi hata luksi 500. Mtu huketi mbele ya taa hiyo kwa dakika 30 kila asubuhi baada ya kuamka, bila kuikodolea macho, huku akinywa kahawa au akisoma gazeti. Mwenye ugonjwa wa macho, au aliyewahi kuugua maradhi ya akili ya kupandwa na furaha kupita kiasi, asiitumie kabla ya kumwuliza daktari. Wagonjwa wengine huhitaji pia dawa za kumeza au mazungumzo na mtaalamu.

Dawa ya pili haina bei, nayo ni kutoka nje mchana hata kama kuna mawingu. Mwanga wa mawinguni hushinda wa nyumbani mara nyingi. Ndiyo sababu utawaona Wanorwe wakitembea msituni wakati wa theluji, na watoto wachanga wakilala nje ndani ya vigari vyao wakiwa wamefunikwa vizuri. Mbrazil huona kama ukatili, lakini wao wamezaliwa hapo na wanajua wanalolifanya.

Ya tatu ni kulinda saa za kulala. Wakati wa baridi, Norwe iko mbele ya Rio de Janeiro kwa saa 4. Ndugu wa Rio wakimaliza chakula cha jioni saa mbili usiku na kupiga simu, huko Oslo ni saa sita usiku. Mgeni akizungumza nao hadi saa nane kila usiku, asubuhi atakosa ule mwanga mchache uliopo. Zungumzeni mwisho wa juma, mchana. Wakati wa kiangazi, weka mapazia mazito meusi chumbani.

Vitamini D na mifupa

Ngozi hutengeneza vitamini D inapopigwa na jua kali. Katika Oslo, tangu Oktoba hadi Machi hivi, jua huwa chini mno angani kuweza kufanya kazi hiyo. Isitoshe, ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuliko nyeupe ili kutengeneza kiasi kile kile. Kwa hivyo Mbrazil mweusi kutoka Salvador yumo hatarini kuliko jirani yake mwenye asili ya Wajerumani kutoka kusini mwa Brazil. Upungufu huu hudhoofisha mifupa na misuli, na kwa watoto huleta matege.

Wakuu wa afya wa Norwe hupendekeza maikrogramu 10 za vitamini D kwa siku, na 20 kwa wazee wa kuanzia miaka 75. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya ini la chewa hutosha kuleta zile 10. Wengi wetu tuliwahi kunyweshwa mafuta hayo utotoni huku tumeziba pua. Hapa Mbrazil asidanganyike: yule chewa mkavu wa Pasaka hana vitamini D ya kutosha, kwa kuwa mafuta yake yako katika ini. Samaki wanaofaa ni wenye mafuta mwilini kama samoni na bangala. Wala usizidishe vidonge, maana vitamini D ikipita kiasi hudhuru figo.

Mifupa hukumbana pia na barafu. Norwe ni miongoni mwa nchi zenye visa vingi zaidi duniani vya kuvunjika nyonga. Mgeni anunue vyuma vyenye meno vya kufunga chini ya viatu, na ajifunze kutembea kwa hatua fupi.

Daktari wa kule si kama wa nyumbani

Tangu mwaka 2001, kila mkazi aliyeandikishwa nchini Norwe ana haki ya kuwa na daktari wake wa kudumu. Huyo ndiye mlango wa matibabu yote. Katika Brazil, mwenye bima ya kibinafsi huenda moja kwa moja kwa bingwa wa ngozi au wa moyo. Huko Norwe, bila barua ya daktari wako kwa kawaida hutampata bingwa wa hospitali za umma. Daktari huyo huenda akakuambia upumzike, unywe maji na umeze parasetamoli. Wabrazil wengi huona wamepuuzwa. Ukweli ni kwamba Norwe hutumia dawa za antibayotiki kwa uangalifu mkubwa ili vijidudu visizizoee.

Dawa iitwayo dipirona, ambayo Wabrazil huitumia kwa kila maumivu, hutaiona katika maduka ya dawa ya Norwe. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1977 kwa kuwa, ingawa ni mara chache, huweza kuangamiza chembe nyeupe za damu.

Kadhalika, uzazi ni tofauti. Brazil zaidi ya nusu ya watoto huzaliwa kwa upasuaji. Norwe ni karibu mmoja kati ya sita, na mkunga ndiye msimamizi iwapo hakuna tatizo. Mama mjamzito ayajue haya mapema ili asije akadhani ananyimwa matibabu.

Mbele ya daktari, usiseme tu kwamba unaumwa na kichwa wakati moyo ndio unaouma. Eleza usingizi wako, ulaji wako na tangu lini. Uchovu unaweza pia kutokana na upungufu wa damu au ugonjwa wa tezi la shingo, na kipimo cha damu huonyesha. Iwapo lugha ni tatizo, omba mkalimani. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 2022 inazitaka ofisi za umma kutumia wakalimani wenye ujuzi, na kwa kawaida hairuhusu mtoto kumfasiria mzazi wake.

Watu nao ni dawa

Mbrazil husalimu kwa busu na kukumbatia. Mnorwe katika basi huketi peke yake na kutazama dirishani. Hamchukii mtu, kwao kumwachia mwenzako nafasi ni heshima. Urafiki huanzia katika shughuli: kwaya, timu ya mpira, au dugnad, ambayo ni kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa au kupaka shule rangi. Kwetu tungeiita harambee. Anayejitokeza na fagio lake siku hiyo hurudi nyumbani akiwa anajulikana kwa jina.

Asiye na watu huweza kukimbilia chupa. Pombe husinzisha kwa saa chache, kisha huukatakata usingizi na kuizidisha huzuni.

Iwapo una jamaa katika nchi kama hizi, usimwulize kuhusu theluji peke yake. Muulize analala saa ngapi, ametoka nje mchana lini, na alikula na nani mara ya mwisho. Majibu yakikutia wasiwasi, mwambie amwone daktari wiki hiyo hiyo, wala asingoje jua lirudi.