Ndoa moja, mafao mawili

MPANDA: Mfanyabiashara wa mabati na saruji anayetaka kumkopesha mume na mke wanaokaribia kustaafu, afahamu kwanza kwamba serikali haina mafao ya ndoa. PSSSF, mfuko ulioundwa 2018, humlipa mwanachama kwa michango yake. Mume hujaza fomu yake, mke yake, na kila mmoja awe amechangia miezi 180 ndipo apate pensheni.

Chukua mwalimu mwenye miezi 360, mshahara wa wastani sh. milioni 12 kwa mwaka. Kwa asilimia 33 ya mwaka 2022 mkupuo wake ungekuwa kama sh. milioni 30.7, kwa asilimia 40 ya bajeti ya 2024 ni milioni 37.2, na pensheni kama sh. 372,000 kwa mwezi.

Mke akiwa na miaka 53, fedha yake bado: kustaafu kwa hiari huanzia 55, kwa lazima 60. Aliyefanya kazi kampuni binafsi, faili lake lipo NSSF. Na kama aliajiriwa kwa jina la baba, kitambulisho kikabeba la mume, asahihishe mapema, maana duka haliwezi kungoja faili kama linavyongoja mavuno ya mpunga.